Thomas Bayes na Hesabu ya Sharti: Kutoka Tunbridge Wells hadi Bahari ya Ndau

Utangulizi

Baadhi ya wanafunzi wa Kiswahili wanapolazimika kusoma utangulizi wa takwimu huliona somo hilo kuwa mzigo wa kubebwa hadi siku ya mtihani na kutuliwa papo hapo. Mada inayowatatiza zaidi aghalabu ni ile ya uwezekano wenye sharti, yaani kukadiria kutokea kwa jambo moja baada ya kujua kwamba jambo jingine limetokea. Makala haya yanakusudia kusimulia kwa ufupi maisha ya Thomas Bayes, mchungaji wa Kiingereza wa karne ya 18 ambaye jina lake limeambatishwa na mada hiyo kote duniani. Sambamba na usimulizi huo, tutajaribu kuonyesha kwamba tatizo aliloshughulika nalo linamhusu mwanafunzi wa Kiswahili kama linavyomhusu mwanahisabati, kwa kuwa kiini chake ni sentensi ya masharti.

Tutachota mifano yetu Ndau, kisiwa kidogo kilichoko baina ya Pate na Kiwayu, upande wa kaskazini wa visiwa vya Lamu. Wenyeji wake ni Wabajuni, wanaoitwa pia Watikuu, ambao lahaja yao ya Kitikuu wanafunzi wa isimu wanaifahamu. Hao ni watu wa bahari. Mvuvi wa Ndau hajiulizi tu iwapo atapata samaki. Hujiuliza iwapo atapata akienda wakati wa bamvua au wa maji mafu, katika msimu wa kaskazi au wa kusi. Kambakoche, kwa mfano, huvuliwa zaidi wakati wa kaskazi bahari inapotulia na wazamiaji wakaweza kuyafikia mapango ya miamba. Kusi linapovuma kwa nguvu, kazi hiyo huwa ngumu na ya hatari. Kila kadirio analolifanya mvuvi huyu limefungwa kwenye sharti. Bayes, ambaye hakuwahi kufika pwani yetu, alitumia sehemu ya maisha yake kutafuta hesabu ya fikra ya namna hiyo.

Kuzaliwa na elimu

Thomas Bayes alizaliwa mnamo mwaka wa 1701 hivi nchini Uingereza. Baba yake, Joshua Bayes, alikuwa mchungaji wa Wakristo waliojitenga na Kanisa rasmi la Uingereza, na alitawazwa mwaka wa 1694 akiwa miongoni mwa wachungaji wa mwanzo wa kundi hilo kutawazwa hadharani nchini humo. Jambo hili lilimwathiri mwana moja kwa moja. Katika zama hizo, chuo kikuu cha Oxford hakikumpokea mtu asiyekiri mafundisho ya Kanisa rasmi, na kile cha Cambridge hakikumpa shahada. Kijana Bayes alizaliwa Uingereza, lakini milango ya vyuo vikuu vyote viwili vya Uingereza ilikuwa imefungwa mbele yake.

Ndipo mwaka wa 1719 akaelekea Uskoti, katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, ambako alisoma mantiki na teolojia. Aliporejea London alimsaidia baba yake katika kazi ya uchungaji. Baadaye, katika miaka ya 1730, alihamia Tunbridge Wells, mji mdogo wa kusini mwa Uingereza uliopata umaarufu kwa chemchemi ambazo watu waliamini kuwa maji yake yanaponya. Huko alikuwa mchungaji wa kanisa dogo la watu wa madhehebu yake hadi alipostaafu mwaka wa 1752.

Mchungaji na mwanahisabati

Bayes hakuwa mwandishi wa vitabu vingi. Katika uhai wake vilichapishwa vijitabu viwili tu vinavyojulikana kuwa vyake. Cha kwanza, cha mwaka wa 1731, kilihusu wema wa Mungu kwa viumbe wake. Cha pili, cha mwaka wa 1736, kilitolewa bila jina la mwandishi na kilihusu hisabati. Miaka miwili kabla yake, Askofu George Berkeley alikuwa ameishambulia misingi ya hisabati ya Isaac Newton, akidai kwamba wanaowacheka waumini kwa kukubali mafumbo ya dini wao wenyewe wanakubali mafumbo katika hesabu zao. Bayes, ingawa alikuwa mtu wa dini kama Berkeley, alisimama upande wa Newton. Hakujibu kwa kejeli. Alijibu kwa kuzipanga upya hoja za Newton hatua kwa hatua, akifafanua kila istilahi kabla ya kuitumia. Msomi wa lugha atatambua mara moja kwamba hiyo ilikuwa, kwa sehemu kubwa, kazi ya kusanifu istilahi.

Mnamo mwaka wa 1742 Bayes alichaguliwa kuwa mwanachama wa Chama cha Kifalme cha London, chama kilichowakusanya wanasayansi wakuu wa wakati huo. Hata hivyo, kazi iliyompa umaarufu haikuwa imeandikwa bado, na yeye mwenyewe hakuishi kuuona umaarufu huo.

Tatizo la kugeuza swali

Kabla ya Bayes, elimu ya uwezekano ilikuwa imepiga hatua. Mwaka wa 1654, Wafaransa Blaise Pascal na Pierre de Fermat waliandikiana barua kuhusu namna ya kugawa fedha za mchezo wa bahati uliokatizwa. Mwaka wa 1718, Abraham de Moivre alichapisha kitabu mashuhuri kuhusu elimu hiyo. Wataalamu hawa waliweza kujibu maswali ya aina moja: ikiwa tunajua kilichomo mfukoni, tutarajie kutoa nini? Bayes alitaka kujibu swali lililogeuzwa: ikiwa tunajua tulichotoa, tuamini nini kuhusu kilichomo mfukoni?

Ili kulichunguza swali hilo, Bayes alibuni mfano wa meza tambarare. Mpira unarushwa juu ya meza hiyo, nao una nafasi sawa ya kutua mahali popote. Mtu asiyeiona meza anatakiwa kukadiria mahali ulipotua. Kisha mpira mwingine unarushwa mara nyingi, na kila mara mtu huyo anaambiwa tu iwapo umetua kulia au kushoto kwa ule wa kwanza. Mwanzoni hajui lolote. Lakini kadiri taarifa zinavyoongezeka, ndivyo makisio yake yanavyokaza. Akiambiwa kwamba mipira mingi imetua kulia, atazidi kuamini kwamba mpira wa kwanza uko kushoto. Hana hakika kamili, lakini si mjinga tena, na Bayes alionyesha jinsi ya kuipima hali hiyo ya katikati kwa tarakimu.

Methali ya Kiswahili isemayo kwamba dalili ya mvua ni mawingu inaweza kutusaidia hapa. Mvua ikinyesha, mawingu huwapo. Hilo ni karibu hakika. Je, mawingu yakiwapo, mvua hunyesha? Mara nyingine ndiyo, mara nyingi siyo. Sentensi hizi mbili zina maneno yaleyale, lakini kiambishi -ki- cha masharti kimehama kutoka kitenzi kimoja hadi kingine, na kuhama huko kumebadilisha uwezekano wote. Mwanafunzi wa sarufi anayejua kutenganisha kishazi cha sharti na kishazi kikuu amekwisha kufika nusu ya safari. Nusu iliyosalia ni kuhesabu.

Namna ya kuhesabu

Kanuni yenyewe si ndefu. Uwezekano wa jambo la kwanza ikiwa la pili limetokea hupatikana kwa kuchukua uwezekano wa yote mawili kutokea pamoja, kisha kuugawanya kwa uwezekano wa lile la pili. Kwa maneno mepesi zaidi, tunayatupa matukio yote yasiyotimiza sharti, halafu tunauliza swali letu miongoni mwa yale yaliyobaki.

Tuchukulie, kwa ajili ya mfano tu, kwamba watu 1,000 wa kisiwa wanapimwa ugonjwa fulani, na kwamba 20 miongoni mwao wanao. Kipimo kinawagundua wagonjwa 18 kati ya hao 20, yaani asilimia 90. Kwa watu 980 wasio na ugonjwa, kipimo kinakosea kwa asilimia 5, hivyo watu 49 wazima wanaambiwa kwamba ni wagonjwa. Basi walioambiwa kwamba wana ugonjwa ni 18 na 49, jumla 67. Miongoni mwa hao 67, wagonjwa wa kweli ni 18 tu, ambao ni takriban asilimia 27.

Msomaji aone tofauti iliyopo. Mtu akiwa mgonjwa, uwezekano wa kipimo kumgundua ni asilimia 90. Kipimo kikisema kwamba mtu ni mgonjwa, uwezekano wa kuwa mgonjwa kweli ni asilimia 27. Anayezichanganya sentensi hizi mbili anaweza kumtia mtu mzima katika hofu kubwa, au kuifanya familia iuze mali kwa ajili ya matibabu yasiyohitajika, ilhali kipimo cha pili kingetosha kuondoa shaka. Kosa hilo halitokani na ubovu wa kipimo peke yake. Linatokana pia na kusahau kwamba wazima walikuwa wengi mno tangu mwanzo. Idadi hiyo ya mwanzo ndiyo tunayoiita makisio ya awali, nayo ndiyo moyo wa fikra ya Bayes.

Kifo cha Bayes na uaminifu wa Price

Bayes alifariki mwezi wa Aprili mwaka wa 1761 na kuzikwa London katika makaburi ya Bunhill Fields, ambako watu wengi waliojitenga na Kanisa rasmi walizikwa. Katika wasia wake aliacha fedha zigawanywe baina ya watu wawili, mmoja wao akiwa Richard Price, mchungaji kijana wa kutoka Wales. Price ndiye aliyezipitia karatasi za marehemu na kukuta humo insha kuhusu uwezekano ambayo haikuwa imechapishwa.

Price angeweza kuirudisha insha hiyo kabatini. Badala yake aliifanyia kazi, akaiandikia utangulizi na nyongeza, kisha akaiwasilisha kwa Chama cha Kifalme. Ilisomwa mbele ya wanachama mwezi wa Desemba 1763, na ikachapishwa katika jarida la chama hicho. Price alikuwa na sababu zake. Mwaka wa 1748 mwanafalsafa David Hume alikuwa ameandika kupinga ushuhuda wa miujiza, naye Price, katika maandishi yake ya mwaka wa 1767, aliitumia hesabu ya Bayes kumjibu. Baadaye Price alijulikana pia kwa kazi yake kuhusu hesabu za bima na malipo ya wajane. Inafaa ikumbukwe kwamba lau si uaminifu wa rafiki huyu, huenda jina la Bayes lisingefundishwa darasani leo. Wanafunzi wa fasihi yetu, wanaojua ni tenzi ngapi za Lamu na Pate zilizosalia kwa sababu ya wanakili na watunzaji wa miswada, hawatashangazwa na jambo hilo.

Mnamo mwaka wa 1774, Mfaransa Pierre-Simon Laplace aliifikia kanuni kama hiyo kwa njia yake mwenyewe, na katika miaka iliyofuata akaipa umbo pana na kuitumia katika elimu ya nyota na takwimu za uzazi. Hivyo basi, kanuni tunayoiita ya Bayes ilijengwa na watu kadhaa. Bayes alichimba msingi, Price akaulinda, na Laplace akapandisha kuta.

Chombo kilichopotea

Umuhimu wa kanuni hii kwa watu wa bahari huonekana zaidi pale chombo kinapopotea. Tuchukulie kwamba mashua ya Ndau haikurudi. Wazee na manahodha wanakusanyika na kutaja sehemu tatu inakoweza kuwa. Kwa kuzingatia upepo, mkondo na desturi ya nahodha wake, wanakadiria kwamba, katika kila nafasi 100, nafasi 50 ni za kuwa katika mkondo wa upande wa Kiwayu, 30 ni za kuwa kando ya miamba ya nje, na 20 ni za kuwa bahari kuu. Tuchukulie tena kwamba wanaotafuta, wakienda mahali ilipo mashua, huiona mara 8 kati ya 10.

Wanaanza katika mkondo na hawaioni. Hapa lugha yetu inatupatia kiambishi kingine, -nge-. Mashua ingekuwa mkondoni, huenda ingeonekana, haikuonekana, kwa hiyo imani kwamba iko huko inapungua. Lakini inapungua kwa kiasi gani? Katika zile nafasi 50 za mkondo, 40 zingeishia kwa mashua kuonekana, nazo sasa zimetupwa. Zimebaki 10. Zile 30 za miamba na 20 za bahari kuu hazijaguswa. Jumla ya nafasi zilizobaki ni 60. Basi uwezekano wa mkondo umeshuka kutoka nusu hadi sehemu moja ya sita, ule wa miamba umepanda hadi nusu, na ule wa bahari kuu umefikia theluthi moja. Watafutaji wanapaswa kuelekea miambani, ingawa hakuna aliyeleta habari yoyote mpya kutoka huko. Kukosekana kwa mashua mahali pamoja kumekuwa habari kuhusu mahali pengine.

Wakiikosa miambani vilevile, nafasi za huko zinabaki 6, nao watakwenda bahari kuu, ambako bado kuna nafasi 20. Wakiikosa na huko, zitabaki 4. Sasa mkondo una 10, miamba 6 na bahari kuu 4, na uwiano huo ni uleule wa mwanzo. Mkondo umerudia kuwa na nusu ya nafasi zote. Hesabu yenyewe, wala si huruma peke yake, inawaambia warudi walikoanzia na kutafuta tena. Katika hali halisi mashua husukumwa na maji, kwa hiyo makisio hayana budi kusogezwa kila saa, lakini mwenendo wa fikra haubadiliki.

Njia hii imetumika katika misiba ya kweli. Tarehe 1 Juni 2009, ndege ya Air France iliyokuwa ikitoka Rio de Janeiro kwenda Paris ilianguka katika Bahari ya Atlantiki ikiwa na watu 228. Utafutaji wa mwanzo wa chini ya bahari haukufua dafu. Wataalamu waliporudia hesabu kwa kanuni ya Bayes, walizingatia kwamba vifaa vya kutoa sauti vilivyokuwa katika ndege hiyo huenda viliharibika. Kama vifaa hivyo vilikuwa vibovu, basi kutosikika kwa sauti hakukuwa ushahidi mzito wa kuondoa maeneo yaliyokuwa yamesikilizwa. Makisio yakarekebishwa, na mapema mwezi wa Aprili 2011 mabaki ya ndege yakapatikana katika kina cha karibu mita 4,000, muda mfupi baada ya utafutaji mpya kuanza. Familia zilizokuwa zimengoja kwa takriban miaka miwili zikajua wapendwa wao walikolala.

Hitimisho

Maisha ya Thomas Bayes yalikuwa ya kimya. Hakushika cheo kikubwa, hakufundisha katika chuo kikuu chochote, na hakuichapisha kazi yake iliyo bora kuliko zote. Kaburi la familia yake lilikarabatiwa mwaka wa 1969 kwa michango ya wanatakwimu kutoka sehemu mbalimbali za dunia, karne mbili na zaidi baada ya kifo chake. Mafanikio yake yalitokana na kulishikilia swali moja: ushahidi mpya ubadilishe imani ya zamani kwa kiasi gani? Jibu lake linatuepusha na makosa mawili. La kwanza ni la mtu ambaye habadili mawazo hata aonyeshwe nini, kama watafutaji ambao wangeng'ang'ania mkondo mmoja mpaka chakula kikawaishia. La pili ni la mtu anayeyatupa yote aliyoyajua kwa sababu ya dalili moja, kama anayekiamini kipimo kimoja na kusahau idadi ya wazima.

Kwa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili, maisha haya yana wito mahususi. Mara nyingi husemwa kwamba lugha yetu haiwezi kubeba hisabati ya juu kwa kukosa istilahi. Tumeona kwamba viambishi -ki- na -nge- vinaibeba fikra ya uwezekano wenye sharti bila kutetereka, na kwamba methali ya mawingu na mvua inatosha kuanzishia somo. Linalohitajika ni kuziandika sentensi hizo kwa uangalifu, tukieleza bayana ni kishazi kipi kilicho sharti na kipi kilicho matokeo. Istilahi ya takwimu ikitungwa na mwanaisimu na mwanahisabati wakiwa wameketi pamoja, mvuvi wa Ndau na muuguzi wa zahanati wataweza kuielewa hesabu inayowahusu katika lugha wanayoizungumza kila siku. Kazi hiyo ni yetu, nayo inaweza kuanzia katika vyumba vyetu vya mihadhara.